Karatasi Tatu za Kasulu

Siku niliyokabidhiwa kalamu ya karani wa alama nilidhani Mkuu wa Chuo ananiadhibu. Wiki moja kabla nilikuwa nimewakamata wanachuo kumi na mmoja walionakiliana majibu ya mtihani wa hesabu, na nilikuwa nimegoma kusahihisha hata karatasi moja mpaka mtihani urudiwe. Akaniita ofisini, akanisukumia kitabu chembamba cha kanuni na rundo la karatasi zenye visanduku vidogo vidogo.

"Mwalimu Yustina," akasema, "wewe huamini mtu. Huo ni ugonjwa, lakini nimeupatia kazi."

Chuo chetu kipo Kibondo, na jina lake silitaji kwa sababu humu nitawasema watu. Mchezo wa besiboli tuliletewa na mkufunzi wa kujitolea aliyekaa nasi miaka miwili, akaondoka, akatuachia fimbo tano, glavu zisizotosha timu moja, na wanachuo ambao hawakutaka tena kusikia habari za mpira wa miguu. Mimi sikuwa nimewahi kuona mchezo ule hata kwenye televisheni. Nilikaa na kitabu siku nne, nikakisoma huku nikitafuta mahali ambapo mtu anaweza kudanganya. Nilipata pengi.

Ninyi vijana mnaotumia simu kuandika kila kitu, niwaeleze kazi ilivyokuwa. Karani wa alama hukaa nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mahali pa kuona uwanja wote. Kila mchezaji ana mstari wake kwenye karatasi, na kila zamu yake ya kupiga ina kisanduku chake. Mpigaji akipiga mpira akafika kituo cha kwanza, karani ana jambo moja la kuamua, na hakuna wa kumsaidia, hata mwamuzi. Je, amefika kwa nguvu ya pigo lake, au amefika kwa sababu mlinzi wa upande wa pili ameuchezea vibaya mpira ambao mtu wa kawaida angeudaka? La kwanza huitwa pigo safi, na mpigaji huandikiwa. La pili huitwa kosa, na mlinzi huandikiwa herufi K mbele ya jina lake, na mpigaji hapati kitu. Msimu mzima wa mtu unaweza kukaa ndani ya uamuzi huo.

Mechi yangu ya kwanza ilichezwa asubuhi ya baridi, ukungu haujaondoka vizuri, na nje ya mstari wa kulia mama mmoja alikuwa ameanika mihogo yake na kukataa katakata kuiondoa. Mpira ulipoangukia humo, walinzi walisimama wakamsubiri autoe mwenyewe. Nilitafuta kwenye kitabu kanuni ya mihogo, sikuiona. Nikaandika maelezo ya mistari sita pembeni ya karatasi. Afisa Michezo wa Wilaya alikuja kunisimamia, akasoma maelezo yangu, akacheka sana.

"Andika unachokiona tu, Mwalimu," akaniambia.

Nilimtazama. Kwenye taarifa yake mwenyewe ya siku ile alikuwa ameandika watazamaji mia tano. Mimi nilikuwa nimewahesabu, na hata ningeongeza mbuzi wasingefika mia.

Sasa niwaambie kwa nini visanduku vile vilikuwa na uzito. Kila mwisho wa msimu, kamati iliyokaa Dar es Salaam ilitoa majina tisa, moja kwa kila nafasi uwanjani. Ndiyo Orodha ya Heshima ya wachezaji bora wa vyuo nchi nzima. Aliyeingia alipewa koti la bluu lenye jina lake limeshonwa kifuani, jina likasomwa mbele ya watu, na kubwa kuliko yote, akawekewa nafasi ya kwenda kusomea shahada ya ualimu wa michezo. Kwa mtoto wa mkulima aliyekuja kuchukua cheti, huo ulikuwa mlango ambao hakujua kama upo. Na hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati ile aliyewahi kukanyaga Kibondo. Walisoma karatasi zetu tu. Karani akikosea, hakuna jicho jingine.

Nilikwenda Dar mara moja kwa semina ya makarani. Njiani, vizuizini, niliulizwa mara mbili nimezaliwa wapi. Sisi wa mkoa huu tumezoea. Lugha yetu inafanana na ya ng'ambo, Burundi, majina yetu yanafanana na ya ng'ambo, na mtu akitaka kukushuku hahitaji sababu ya tatu. Mara ya pili nilitakiwa nitaje babu zangu, nikawataja mpaka yule kijana aliyeuliza akachoka. Kisha semina ikaanza, na Katibu wa Kamati, mtu mpole mwenye miwani, akashika karatasi za timu yetu, akapitisha kidole kwenye majina, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na hawa wote ni wa hapa hapa kwetu?"

Hakuwa na ubaya, nadhani. Lakini niliumia, na nikaapa hapo hapo kwenye kiti kwamba majina yetu wakiyashuku, tarakimu zetu hawatazishuku. Nitakuwa mkali kuliko kanuni. Pigo lenye wasiwasi hata kidogo, nitaandika kosa. Na karatasi yangu haitashikwa na mtu mwingine mpaka iingie kwenye bahasha.

Baada ya miaka mitatu niliazimwa Kakonko kwa mwaka mmoja, kufundisha walimu wa shule za kata, Gwarama ikiwemo, namna ya kuandika alama. Mratibu wa Elimu wa kule alinipokea kwa mashaka sawa na yangu. Aliniambia watoto wake wanajua kurusha, maana wamekua wakifukuza ndege kwenye mtama, ila kuandika hawataandika. Waliandika. Nilirudi Kibondo nikiwa na furaha ambayo sikuionyesha, na nikakuta timu yetu sasa inakutana na chuo cha Kasulu mara sita kila msimu, tatu kwao na tatu kwetu.

Huko Kasulu nilimkuta Mzee Salum.

Alikuwa na duka la kanga na vitenge karibu na soko, mtu wa ukoo uliotoka Ujiji, kofia yake nyeupe siku zote kama imetoka kufuliwa. Alianza kutazama besiboli kwa sababu mjukuu wa dada yake alicheza, akajifunza kuandika, na chuo chao kikamwomba awe karani. Kanuni iliweka makarani wawili kila mechi, wa mwenyeji na wa mgeni, na walikaa benchi moja. Karatasi ya mwenyeji ndiyo iliyotumwa Dar. Ya mgeni ilikuwa akiba. Mechi ikiisha, kila mmoja alitakiwa kumpa mwenzake karatasi aisome na kuisaini.

Nilimwamkia shikamoo kila mechi, maana ni mkubwa kwangu. Aliitikia marahaba, akaniuliza hali ya watoto, hali ya mvua Kibondo, hali ya mihogo. Tukicheza kwao, mechi ikiisha alinipa karatasi yake, nami niliipitisha macho haraka, nikaisaini, maana mwenyeji ndiye mwenye uamuzi na bila saini yangu timu yetu isingepata hata alama zake. Kisha nilikunja yangu mara mbili, nikaitia mkobani. Alikuwa akikaa kidogo, kalamu mkononi. Halafu alisema, "Haya, Mwalimu, safari njema," akaondoka. Kwetu nilimwonyesha mstari wa saini tu, karatasi nimeishika mwenyewe. Miaka sita tulifanya hivyo.

Kwa nini sikumpa? Kwa sababu sikumwamini. Nilidhani akiona ukali wangu atajifunza kuuzunguka. Na kanuni ya saini kwenye karatasi ya mgeni niliichukulia kuwa ya adabu tu, kwa kuwa karatasi yenyewe haikuwahi kutumika.

Katika mwaka wa sita wa kukaa benchi moja na Mzee Salum, Jeremia alikuwa katika mwaka wake wa mwisho chuoni.

Jeremia Ntakije alitoka Gwarama. Alikuja chuoni mwembamba, mkimya, anasalimia watu kwa kuinama huku ameshika kiwiko cha mkono wa kulia, namna anayofundishwa mtoto wa kwetu. Akishika fimbo alikuwa mtu mwingine. Alisubiri mpira kwa subira iliyonikera, maana nilidhani amelala, kisha aliupiga chini na mbali, katikati ya watu wawili, mahali pasipo na mtu. Fundi wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akitushonea mipira iliyopasuka, alimjua bila kumwona akicheza. Siku moja aliugeuza mpira mkononi, akanionyesha pale ulipopasukia, akaniambia, "Mama Mwalimu, kuko mutu mumoja anapiga hii mipira yote fasi moja. Huyo mutu iko na macho."

Jeremia hakuwahi kuniuliza kuhusu alama zake, jambo lililonifanya nimshuku kwa mwaka mzima wa kwanza. Ila msimu ule wa mwisho alianza kupita ofisini kwangu kila Jumatatu, ananiamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu."

"Mwakeye. Unataka nini?"

"Nauliza tu. Nimo?"

Alimaanisha Orodha. Nami nilimjibu kila Jumatatu kwamba karani hatabiri. Lakini nilikuwa nikihesabu. Kamati ilitaka mchezaji awe na zamu za kupiga zisizopungua arobaini, na kati ya hizo mapigo safi ya kumweka juu ya wenzake. Nafasi yake ilikuwa ya mlinzi wa kituo cha pili, na nchi nzima hakukuwa na anayemkaribia isipokuwa mmoja wa Dodoma. Kwa mahesabu yangu makali, yaliyomnyima kila pigo lenye wasiwasi, alikuwa bado yumo. Nilijisikia fahari, nakiri. Nilijua hakuna mtu duniani atakayeweza kuigusa tarakimu ile.

Mechi ya tatu ya Kasulu ilipoisha, nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo chao, ambako nakala za karatasi zote za msimu hubandikwa kila mtu aone. Nilikuwa nikisubiri basi. Nikazisoma kwa mazoea. Nikazisoma tena kwa kidole. Kwenye uwanja wa Kasulu, kwa msimu mzima, hapakuwa na herufi K hata moja. Si kwa timu yao, si kwa yetu, si kwa mgeni yeyote. Watu walidondosha mipira mbele ya macho yangu, mmoja aliurusha mpira moja kwa moja kwenye dirisha la jiko, na yote yale yalikuwa yameandikwa pigo safi, pigo safi, pigo safi.

Damu ilinichemka. Miaka sita nimekaa na mtu huyu na saini yangu ipo chini ya kila karatasi! Nikajua, nikasema moyoni nimemkamata. Anawanenepesha wapigaji wake ili wa Kasulu waingie kwenye Orodha. Nilipofika Kibondo sikumuuliza mtu, sikumpigia Mzee Salum simu, niliandika barua kwa Kamati. Niliandika kwamba nilizisaini karatasi zile bila kuzisoma sawasawa na kwamba naiondoa saini yangu. Nakumbuka sentensi moja niliyoipenda: hakuna timu ya binadamu isiyokosea msimu mzima.

Jumatano iliyofuata Katibu wa Kamati alinipigia mwenyewe.

"Mwalimu, umetusaidia sana. Ungekuwa na wenzako watano kama wewe nchi nzima tungelala vizuri. Karatasi zote za uwanja wa Kasulu tunazifuta."

"Ahsante," nikasema. Kisha nikamkumbuka Jeremia. "Na michezo yenyewe? Wachezaji wageni waliocheza pale?"

"Hakuna shida. Kanuni ipo. Ya mwenyeji ikifutwa, inachukuliwa ya mgeni. Wewe si unazo zako tatu? Piga picha utume, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Ziwe na saini mbili tu."

Nilifungua faili huku bado yupo kwenye simu. Zilikuwa pale, safi, kali, hazina alama ya ufutio hata moja. Na chini ya kila moja, upande wa kushoto saini yangu, upande wa kulia mstari mtupu.

Bila michezo ile mitatu Jeremia alikuwa na zamu thelathini na moja. Kwa karatasi zangu alikuwa na arobaini na tatu, na alikuwa wa kwanza nchini.

Mtu mwingine angepiga simu Kasulu dakika ile ile. Namba nilikuwa nayo. Lakini niliwaza: nikimpigia atajiandaa. Atajua nina shida, atasema ondoa kwanza barua yako ndipo nisaini. Au atakubali kwenye simu kisha nikifika ananizungusha. Alhamisi nzima niliitumia kuandika barua nyingine, ya kumbana, yenye vifungu vya kanuni, ili akikataa nimsomee. Niliiandika mara tatu. Ilikuwa barua nzuri sana.

Ijumaa nilipanda basi la alfajiri. Barabara ilikuwa ikijengwa, tukasubiri greda, na kwenye kizuizi wakashusha watu wote kukagua vitambulisho. Nilifika Kasulu saa sita kasoro, nikakimbia kwa miguu yangu ya miaka hamsini na sita mpaka dukani. Duka limefungwa. Kufuli mbili.

Mnajua nilichowaza? Niliwaza amejificha. Amepata habari ninakuja, amefunga duka. Nilikaa kwenye kibaraza chake nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili, nikamshuku mpaka muuza maji aliyesimama mkabala kwamba ndiye aliyewekwa kunipeleleza. Saa sita ikapita. Nilikuwa nimekaa pale nusu saa nzima ndipo adhana ya Ijumaa ilipoanza, na mimi, niliyeishi na Waislamu mtaa mmoja maisha yangu yote, nikakumbuka leo ni siku gani.

Alirudi saa nane akiwa na kanzu, amebeba msala begani. Aliponiona aliharakisha hatua.

"Mwalimu! Umekaa juani? Kwa nini hukupiga simu? Ningekuachia ufunguo."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Nikamwambia yote, pamoja na barua. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Alifungua duka, akanipa kigoda, akakaa nyuma ya meza yake katikati ya vitenge.

"Ni kweli," akasema. "Sijawahi kuandika kosa."

"Kwa nini?"

"Karatasi zile zinabandikwa ukutani, Mwalimu. Mama yake mtoto anapita anasoma jina la mwanawe, mbele yake K, K. Mji huu ni mdogo. Kesho anakuja kwangu kununua kanga. Nitamtazama kwa macho gani? Nikasema, wa kwetu sitamwandika, na wa kwenu sitamwandika, na mgeni yeyote sitamwandika. Niliona ni haki."

"Si haki. Ni uongo."

"Ndiyo. Nakubali." Alisogeza vitenge pembeni. "Lakini wewe ungeniambia. Miaka sita tumekaa benchi moja."

Nilitoa karatasi tatu, nikazilaza mbele yake, na barua yangu nzuri ikabaki mkobani. Alichukua kalamu akasaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuangalia hata mstari mmoja. Na mimi, Mungu anisamehe, hata pale nilishuku.

"Mbona husomi, Mzee? Kuna majina ya watoto wa hapa humo. Kuna mjukuu mwingine wa dada yako, ana makosa manne."

"Nayajua. Wewe ukiandika huwa unatamka," akasema. "Kila mechi nilisikia uamuzi wako wote. Ulikuwa sahihi kuliko mimi. Nilikuwa nangoja unipe tu."

Tulipiga picha, tukatuma. Katibu alijibu kabla ya jioni, kwa upole wake ule ule, kwamba anasikitika, majina yameshafungwa. Nafasi ya kituo cha pili ilikwenda kwa kijana wa Dodoma.

Jumatatu Jeremia alikuja. Safari hii hakusema mwakeye. Orodha ilikuwa imebandikwa ubaoni tangu asubuhi.

"Simo, Mwalimu."

"Hapana."

"Ni jina, eh? Wamesoma Ntakije, wakasema huyu Mrundi."

Hapa ndipo kazi yangu yote ya ukarani ilipofika, na ndipo niliposhindwa. Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache. Nilitazama dirishani nikasema, "Watu wa kule huwezi kujua." Akaitikia kwa kichwa. Aliondoka akiwa ameyaamini, kwa sababu yalitoka kwa mtu asiyeamini lolote.

Nilifanya kazi miaka minne zaidi. Mkuu wa Chuo mpya alinisifu kwenye kila kikao kwa kuisafisha Kasulu. Mzee Salum alijiuzulu ukarani, kisha nikamwomba arudi, akarudi, na akaanza kuandika K kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilinibidi nivae miwani. Tulisainiana kila mechi. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba, na Afisa Michezo akasema uaminifu wangu ulikuwa mfano kwa wilaya nzima. Nilitaka kumkatisha. Nilikunywa soda.

Kustaafu kunampa mtu nafasi ya kusikia habari. Nilisikia Jeremia anafundisha shule ya msingi kwao Gwarama, na kwamba ana timu ya watoto inayopiga mpira kuliko zote upande ule. Nikafurahi. Kisha nikasikia kwamba mkoa ulipotangaza orodha yake ya wachezaji wa shule, yeye alikataa kutuma karatasi hata moja. Aliwaambia wazazi ni kupoteza muda, sisi hawatuandiki. Sikulala vizuri siku hizo. Yale yalikuwa maneno yangu, yamekua, yanafundishwa darasani.

Nikapanda gari mpaka Gwarama. Nilimkuta akisawazisha uwanja kwa tawi la mti, amevaa kandambili. Aliinama kunisalimia, kiwiko mkononi, kama zamani. Nikakataa kiti alichoniletea. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama nilivyomwambia Mzee Salum: barua, mistari mitupu, Alhamisi niliyoipoteza, duka lililofungwa, na maneno ya dirishani. Nikampa zile karatasi tatu za Kasulu.

Alizishika bila kuziangalia.

"Miaka yote hii, Mwalimu," akasema. "Nimewachukia watu wa Dar ambao hata hawanijui."

"Ego," nikaitikia kwa Kiha, ndiyo.

"Na watoto hawa nimewafundisha kuwachukia."

"Ndiyo maana nimekuja."

Aliondoka. Alikwenda mpaka mwisho wa uwanja, akaburuta lile tawi kutoka kituo cha tatu mpaka kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akarudia pale pale, vumbi likapanda. Nilisimama. Nilijiambia akiniacha hapa mpaka jioni atakuwa na haki. Baada ya muda alirudi, akakaa chini kwenye nyasi, akazifungua karatasi moja moja, akaanza kuzisoma kisanduku kwa kisanduku, midomo ikitembea. Nikagundua kwamba hakuwahi kuziona. Hakuna mchezaji aliyewahi kuona karatasi zangu.

Kwenye ya pili alisimama. Akaweka kidole.

"Hapa, mzunguko wa sita. Umeandika pigo safi."

Niliinama nikatazama. "Ndiyo. Ulipiga chini, kushoto kwa mlinzi. Nakumbuka."

"Lile halikuwa pigo, Mwalimu. Mpira ulikuwa mwepesi. Yule kaka aliuachia upite katikati ya miguu, mimi nilikuwa nakikaribia kituo nikaona. Wewe ulikuwa nyuma ya mdakaji, aliyesimama mbele yako. Lile lilikuwa kosa."

Nilichukua karatasi. Nilitafuta kwenye kumbukumbu yangu, nikamwona mdakaji akiinuka, nikaona mgongo wake, na baada ya hapo nikamwona Jeremia ameshafika kituoni. Katikati hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimejaza mwenyewe, kwa kuwa alikuwa wangu. Katika maisha yangu yote ya kazi niliwashuku wanachuo, maafisa, wapinzani na muuza maji, na jicho hili la kwangu sikuwahi kuliuliza swali.

Nikafungua mkoba nikatoa kalamu. Nilitafuta mahali pa kuandika ile K.

Jeremia aliufunika mstari kwa kiganja chake chenye vumbi.

"Acha, Mwalimu," akasema. "Mzee ameshasaini."